Mafundo Matatu

Mama mkwe alipasua tumbo la mbuzi, kisu kikakwama kwenye kitu kisichokatika.

Somoe alikuwa amemshikia beseni la maji. Huyu ndiye mbuzi wa akika ya mwanawe, zikiwa zimebaki siku nne. Alfajiri walimkuta amevimba, hasimami, ikabidi mumewe awahi kumchinja kabla hajafa.

Mama mkwe akavuta. Likatoka bonge la mifuko ya nailoni, imesokotana kama kamba. Mmoja wa bluu ulikuwa bado umefungwa mafundo matatu. Pale kijijini ni Somoe tu aliyefunga chumvi hivyo, isimwagike njiani akitoka gulioni; nyumbani huuchana mfuko ubavuni na kuutupa.

Nyuma ya mlango wake kilining'inia kikapu cha ukili, alichosukiwa na mama mkwe, kwa mkono huohuo ulioshika kisu. Hakuwahi kwenda nacho gulioni. Wenzake wote walibeba nailoni mpya za madukani, na yeye aliogopa wangemcheka.

"Mama," alisema, "huo wa bluu..."

"Nimeuona." Mama mkwe akaukunja, akaufutika kiunoni ndani ya kanga. "Mumeo ana machungu yake leo, tusimwongezee. Suuza utumbo, mwanangu, mtoto anataka kunyonya."

Mumewe akaita kutoka mbele ya nyumba, "Leteni nailoni, tuwagawie majirani nyama."

Mama mkwe akaendelea kukata nyama.

Somoe akanawa mikono, akaingia ndani, akausukuma mlango ili akifikie kikapu.