Siku Mwewe Alipohama

Hapo kale kwale waliishi kwenye majani marefu na vifaranga wao, na kelele za watoto hazikuwa na mwisho. Adui yao alikuwa mmoja, Mwewe, aliyeshuka kila asubuhi akaondoka na kifaranga.

Bi Kwale, mwenye hadhari kuliko wote, alichoka kulia. "Jamani, sisi tunamzalia Mwewe kitoweo," alisema. "Tusitage tena mpaka ahame. Tukishakuwa salama, tutalea kwa raha."

Wenzake waliafiki. Mdogo wake tu ndiye aliyeuliza, "Na akichelewa kuhama, dada?"

"Mayai yako tumboni mwetu, yataenda wapi?" Bi Kwale akamjibu, na wote wakacheka.

Misimu ikapita. Siku moja Mwewe alitua juu ya kichuguu, amekonda. "Nimekuja kuaga," alisema. "Hapa hakuna tena cha kula."

Kwale walicheza ngoma siku nzima. Kesho yake kila mmoja alitengeneza kiota, akakaa, akangoja yai. Yai halikuja. Walikuwa wameshazeeka.

Sasa majani yamenyamaza. Bi Kwale akifukua mchwa, bado huita, "Njooni, njooni!" Kisha hukumbuka, akamla mwenyewe. Na kila asubuhi huinua shingo, akatazama juu.

"Unatafuta nini, dada?" mdogo wake humuuliza.

"Namtafuta Mwewe," hujibu. "Alipokuwa akipita, nilikuwa na wa kumficha chini ya bawa."