Paa na Mwalimu wa Kuvuka Mto

Kwenye mto uliojaa mamba, kazi ya kuwafundisha vijana kuvuka ilikuwa ya Korongo. Paa alimpeleka mwanawe, akasimama pembeni kutazama. Asubuhi nzima mwalimu hakufungua mdomo. Kijana alichungulia maji, akasita, akarudi nyuma, akachungulia tena.

"Mwalimu, mbona humwambii kitu?" Paa alifoka.

"Namfundisha kutazama, mama. Nikimwambia kila kitu, atatazama nini?"

"Mwalimu bubu wa nini? Nitamfundisha mwenyewe. Mimi ndiye niliyemzaa!"

Tangu hapo, kila asubuhi mto mzima ulimsikia. "Simama! Rudi! Kushoto, umelala?" Akifoka, mwana alisimama; akinyamaza, mwana alipita. Kijana hakupata hata mkwaruzo, na Paa hakuacha kumcheka Korongo kila walipopishana.

Kiangazi kilipokolea, kelele zile zilimkausha koo. Siku hiyo mwana alitangulia kushuka mtoni kwa madaha. Paa, nyuma yake, aliona gogo moja majini likifumbua jicho. Akapanua mdomo. Sauti haikutoka. Akapiga kwato chini kwa nguvu zake zote, mchanga ukameza kishindo.

Mwana alisimama ukingoni. Maji hakuyatazama kabisa. Aligeuza masikio nyuma, kwa mama yake, akasikiliza.

Kimya.

Basi akajua njia ni nyeupe, akaingia. Mamba wala hakuwa na haja ya kuharakisha.