Muuzaji Aliyepunguza Bei

Muuzaji mwenyewe ndiye aliyepunguza bei. Hapo ndipo Michel alipoanza kuutafuta mlango kwa macho.

Alikuwa ametaja faranga elfu tatu, tayari kubishana mpaka jua lizame. Sauti ya mwanamke, nyuma ya mkeka uliotenganisha vyumba viwili, ikanong'ona:

"Ni nyingi. Leta mbili."

Michel alikuwa karani wa ghala la pamba hapa Kasongo. Alikuwa amesoma kwa mapadri, na tangu hapo hakuamini mizimu, isipokuwa ilipolazimu. Sasa ililazimu. Katika Maniema nzima, nani mwenye damu mwilini aliyewahi kulalamika kwamba anapewa pesa nyingi?

Na jirani, Moustapha, alikuwa amemwonya, tena kwa uso mkavu.

"Nyumba ya Mama Anastasie? Iko inauzwa, ndiyo. Yeye mwenyewe tulimuzika kabla ya mvua. Lakini piga hodi tu, Bwana Karani. Labda ataitika."

Michel alipiga hodi. Akaitikiwa.

Mwanzoni sauti ilikuwa nene na ya furaha: "Karibu, baba! Kaa, niko nakuja!" Naye, kwa adabu zote za shule ya bweni, akajieleza: yeye ni Michel, karani, anataka kumwoa Safi wa Kabambare. Mzee Bulaimu, baba mkubwa aliyemlea binti huyo, ameapa kwamba Michel asipopata nyumba kabla ya Jumapili, Safi ataolewa na fundi mwashi mwenye paa la bati.

Huko ndani sufuria ikaanguka. Mkeka ukashuka kwenye mlango wa chumba cha ndani. Sauti iliporudi ilikuwa imefifia, kama inatoka chini ya ardhi.

"Taja bei yako, basi. Lakini usisogee."

"Mama, si tuonane kwanza? Biashara ni macho."

"Hapana! Kaa palepale!"

Bakuli la karanga likatokea chini ya mkeka, likisukumwa kwa mwiko. Mkono haukuonekana.

"Kula. Mimi siwezi kula mbele yako."

Hapo ndipo Michel alipotaja zile elfu tatu, sauti ikazishusha. Akachukua karanga moja, akaificha mfukoni.

"Na kitanda nakuachia," sauti iliendelea. "Na kuku wote. Na moja na nusu inatosha, hata hivyo."

Jasho lilimtiririka Michel mpaka ndani ya viatu. Akiikimbia nyumba hii, Jumapili fundi mwashi anamchukua Safi. Akiinunua, atamleta Safi, mchanga na mpole, alale kitanda kimoja na marehemu anayegawa kuku. Lazima ajue. Alishika medali ya Bikira Maria shingoni, akaanza Salamu Maria, ikamkwama katikati, akaanza tena, ikakwama palepale.

"Mama," alisema, "wewe ni mutu?"

Hatua za haraka zikasikika, zikirudi nyuma.

Michel alifumba macho, akaruka, akaung'oa mkeka kwa mikono miwili.

Ukelele uliosikika ulikuwa wa mtu. Alipofumbua macho, alimwona mama mnene amejibanza pembeni, mwiko mkononi, unga mashavuni, jasho puani, miguu miwili imara juu ya udongo. Michel akamkodolea macho kwa raha, paji la uso, pua, kidevu, kama anayepima pamba ya daraja la kwanza. Akacheka mpaka machozi.

"Eh, mama! Kumbe uko mutu muzima kabisa! Moustapha alinitania tu kwamba walikuzika. Nilikuwa nakufa kwa woga!"

Yule mama alijifunika kichwa chote kwa kitenge, akateleza taratibu ukutani mpaka chini.

"Ee Michel," alisema akilia, "umeutazama uso wa mama mkwe, na kwetu huo ni mwiko mkubwa. Sasa nani atakuozesha Safi wangu?"