Upenyo wa Kidole

Mama mtu mzima alikuwa akigonga kioo cha gari kwa ngumi. Ndani, binti yake aliyelowa jasho chapachapa alitikisa kichwa. Hatoki.

"Mwache, mama," alisema mkuu wa maegesho akicheka. "Bibi Joto anajipika bila kuni."

Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Wataalamu wenzake wa hali ya hewa walipima joto nje, kivulini. Yeye ndiye wa kwanza kulifuata pale watu wanapokaa: chini ya mabati, madarasani, ndani ya magari. Wengi walimwona hamnazo.

Ombi lake lilikuwa moja tu. Walinzi waruhusiwe kuvunja kioo wakikuta mtoto amefungiwa. Mkuu akakataa katakata. Kioo cha mteja? Tena wazazi huacha dirisha wazi kidogo. Na leo, jua lenyewe liko wapi?

Kweli, msidhani lilikuwa jua la utosi. Lilikuwa wingu tupu.

"Basi nitakaa mimi," alimwambia mkuu. "Nitatoka ukisema mwenyewe kioo kivunjwe."

Akajifungia garini mwake na ufunguo, dirisha wazi upenyo wa kidole.

Sasa midomo ilikuwa imemkauka. Alibandika kipimajoto kwenye kioo. Mkuu akakisoma, akatazama wingu, akaacha kucheka.

"Dada, yatosha. Fungua tuongee."

"Sema," sauti ilipenya, nyembamba kama uzi.

"Mwanangu, nakuomba!" Mama yake alianguka magoti kwenye lami. "Siwezi kusimama hapa tena! Siwezi!"

"Mama, inuka, utaumia." Mkuu alimshika bega. Alipogeuka, kipimajoto kilikuwa kimedondoka, na kichwa cha binti kimelalia usukani.

"Vunjeni! Mnangoja nini? Vunjeni!"

Rungu la mlinzi likashuka. Wakamtoa, wakammwagia maji mpaka akafumbua macho.

"Umeshinda. Kuanzia leo watavunja," mkuu alisema. "Lakini dada, una roho ya paka! Ulijuaje kwamba hutafia humo?"

"Sikujua," alisema. "Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, tena tulikuwa wawili."

Mama yake alikuwa angali anagonga kioo cha nyuma, akiita jina lisilo la binti huyu.