Mwaka Niliomchagulia Mama

Eneo likishatangazwa urithi, wakazi wake lazima waishi kana kwamba bado ni mwaka mmoja wa zamani uliochaguliwa, kila siku hadi saa za wageni ziishe. Mpango wa stesheni ya Kilaweni niliuandika mimi. Nilichagua mwaka wa mwisho wa treni ya abiria, watalii waje kwa wingi, na kikaoni nikapigiwa makofi. Sikufikiria kwamba mwaka huo nilikuwa sijazaliwa.

Mama anaishi kwenye kota za reli. Jana nilimkuta akipepea jiko la mkaa, wageni wakimpiga picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Karibu. Mume wangu anakuja na treni ya jioni."

Baba ana miaka kumi na tisa kaburini.

Nilingoja kengele ya kufunga. Wageni walipoondoka nikamshika mkono.

"Mama, tumeshafunga. Ni mimi, Nyamizi. Sasa unaruhusiwa kuniita mwanao."

Alinitazama kwa huruma. Akanipakulia ugali na mlenda, kisha akafunika sahani ya baba.

"Kula, binti," alisema. "Ukishiba nitakusindikiza kwenu. Mama yako atakuwa anakutafuta."