Kioo Nyuma ya Pazia

Siku ya tisa ya muwasho Siwema alishindwa hata kuketi. Alikwenda zahanati na Bi Mwanamvua, kungwi aliyemfunda kabla ya ndoa, akiomba njia nzima asiambiwe ana ugonjwa utakaomvunjia nyumba.

Nyuma ya pazia muuguzi alimpima, kisha akamkabidhi kioo kidogo.

"Jitazame, mama."

"Huko? Nimezaa wanne, sijawahi!"

Alitazama. Mashavu ya uke yalikuwa mekundu, yamevimba. Muuguzi alimtajia kila sehemu kwa jina lake, naye Siwema akasahau maumivu. Watu wanne wazima walikuja duniani kwa mlango huu, na mwenyewe hakuwahi kuubishia hodi.

"Unaoshea nini?"

"Maji ya shabu, ile ya kubana, na sabuni ya manukato. Palipoanza kuwasha, nikazidisha."

"Ndiyo yaliyokuchoma. Vipimo havionyeshi maambukizi. Ndani hujisafisha penyewe. Nje osha kwa maji matupu. Kanda kwa kitambaa cha maji baridi, vaa chupi za pamba. Usipopata nafuu baada ya wiki, rudi."

"Maji matupu!" Bi Mwanamvua aling'aka upande wa pili wa pazia. "Nimefunda wari miaka thelathini kwa shabu hiyo hiyo. Wewe binti umezaliwa lini?"

Siwema alitoka machozi yakimlengalenga, kioo kingali mkononi.

"Somo yangu," alimwambia kungwi wake taratibu, "wewe umewahi kujiona?"

Bi Mwanamvua alikipokea kioo kwa mikono miwili, akaingia, akalivuta pazia.