Shikamoo Isiyoitikiwa

Siku hizi wafu hawaendi mbali. Akili ya mama yake Mwanahawa imehifadhiwa kwenye mtambo wa kizamani unaoendeshwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na kila asubuhi Mwanahawa humsalimia kupitia kioo cha kompyuta cha jikoni, ambacho kinajua lugha nyingine tu, JavaScript. Kati yao kuna daraja la programu lenye sharti moja: anayeita atangaze mapema anapeleka nini na anataka jibu la aina gani. Daraja halibishani na mtu. Ulichotangaza ndicho utakachopata.

"Shikamoo mama," alisema Mwanahawa huku akichuja chai. Kimya, kama miaka yote.

Siku hiyo uvumilivu ulimwishia. Alifungua msimbo wa daraja, yaani maandishi ya programu yake, kazi ya kaka yake Athumani, akakuta tangazo lenyewe: maneno yanakwenda, jibu hakuna. Akampigia simu kwa hasira.

"Kumbe mama anaitikia, na wewe unayamwaga majibu yake?"

Athumani alimsihi: "Mdogo wangu, liache kama lilivyo."

Mwanahawa akamkatia simu. Kwenye nafasi ya jibu akaandika: maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," ikaja sauti ile ile aliyoizoea tangu utotoni. "Nimechoka. Kila siku nakuomba unizime, na wewe unanisalimia tu."

Chai ilipoa mezani. Mwanahawa alifuta neno lile, akarudisha "hakuna". Kesho yake akasalimia tena, kwa adabu zote.